Baruti Ikirusha Mawe: Kusoma Dalili na Kupata Chanzo Kabla ya Kulipua Tena

Jiwe likishatoboa bati la jirani, jambo la kwanza linalofanywa kwenye eneo la ujenzi ni kuongeza mikeka, ile mizito ya tairi inayofunika mashimo ya baruti. Mlipuko unaofuata hufunikwa mara mbili, watu hutulia, kisha baada ya muda jiwe lingine linaruka. Mkeka ni kinga ya mwisho. Jiwe linalotoka chini yake lilishapata njia tangu shimo lilipochorongwa (lilipotobolewa kwa mashine), lilipojazwa baruti au lilipozibwa mdomo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia pale jiwe lilipoangukia na kurudi nyuma hadi kwenye kosa.

Walengwa ni wasimamizi wa ujenzi na wapiga baruti wanaofanya kazi jirani na makazi: msingi wa jengo, mtaro wa bomba la maji, barabara inayokatwa ubavuni mwa mlima. Mifano mingi ni ya Mwanza, kwa sababu kule nyumba na mwamba vimebanana. Igogo na Mabatini watu wamejenga katikati ya mawe ya granaiti, na fundi hana uwanda mtupu wa kuachia mawe yaanguke.

Kulipua ni kazi ya mwenye leseni. Tanzania kuna Sheria ya Baruti, Sura ya 45. Kenya kuna Sheria ya Baruti, Sura ya 115. Kama hujaidhinishwa, tumia maelezo haya kumuuliza maswali aliyeidhinishwa. Usiyatumie kushika baruti.

Kwanza tuelewane kuhusu umbali. Mtafiti wa Uswidi, Nils Lundborg, alikadiria umbali wa mwisho ambao jiwe linaweza kurushwa mambo yakiharibika kabisa: mita 260 zikizidishwa kwa kipenyo cha shimo kwa inchi, kipenyo hicho kikiwa kimepandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili. Shimo la milimita 51, yaani inchi 2, linatoa mita kama 410. Shimo la milimita 76, inchi 3, linatoa mita kama 540. Nyumba iliyo mita 40 kutoka kwenye shimo iko ndani kabisa ya duara hilo. Umbali haumlindi mwenye nyumba hata kidogo. Kinachomlinda ni kila shimo kufanya kazi yake sawasawa, na mfuniko juu yake.

Usiondoe ushahidi

King'ora cha salama kikishalia, na mlipuaji akisharidhika kwamba hakuna shimo lililogoma, yaani lenye baruti isiyolipuka, zuia watu wasiokote mawe. Kawaida vibarua huingia mara moja na matoroli, na baada ya muda mfupi ramani nzima ya kosa imeshafagiliwa. Pulizia rangi kila jiwe lililotua nje ya mahali palipotarajiwa, pima umbali wake kutoka kwenye mashimo, kisha chora kwenye karatasi mstari wa lilikotokea.

Liangalie na lenyewe. Jiwe lenye nusu ya tundu la mchorongo ubavuni lilikuwa limegusana na baruti. Lenye upande mmoja wa rangi ya kutu na ukoko wa udongo lilikuwa juu ya ardhi, au lilikaa kwenye ufa wa zamani. Kokoto safi ya kiwandani, ya ukubwa uleule mliozibia mashimo, ni kizibo chenyewe kilichotemwa. Dakika kumi za kuangalia mawe kwa namna hii zina faida kuliko kikao cha saa mbili cha kulaumiana ofisini.

Video nayo ni shahidi mzuri. Simu iliyofungwa kwenye stendi na kuachwa peke yake, ikirekodi kwa mwendo wa polepole, itakuonyesha ni shimo lipi lilianza kutema na kwa upande gani. Kama mnatumia fataki (viwashio vya baruti) za umeme, simu na redio zikae umbali ambao mlipuaji ameuruhusu.

Kingine ni daftari la mchorongaji: kila shimo lina kina gani, ni mita ya ngapi mashine ilipozama ghafla kwenye sehemu laini, wapi pametoka maji. Kama daftari hilo halipo, umeshapata chanzo cha kwanza, maana aliyejaza baruti alikuwa anajaza mwamba asioujua.

Dalili: mawe yamerushwa mbele, upande wa uso wa mwamba

Hapa mwamba uliokuwa mbele ya shimo ulikuwa mwembamba kuliko ulivyodhaniwa. Unene wa kawaida ni kati ya mara 25 na mara 35 ya kipenyo cha shimo. Kwa shimo la milimita 51 ni mita 1.3 hadi 1.8. Karibu kila fundi anaujua wastani huu, ila wengi wanaupima juu tu, pale kwenye mdomo wa shimo, kwa futi. Uso wa mwamba haushuki wima kama ukuta uliopigwa lipu. Mlipuko uliotangulia umeng'oa kipande hapa, umeacha nundu pale, na mita mbili chini ya ukingo mwamba unaweza kuwa umebaki nusu ya unene uliopimwa.

Mchorongo nao huyumba. Shimo la mita 6 lililoinama nyuzi 3 tu zaidi ya mpango linakosea sentimita 30 chini kabisa. Kwa mwamba wa mita 1.3, hizo sentimita 30 ni karibu robo ya kinga yote ya mbele.

Granaiti ya Mwanza inaongeza tatizo lake. Inapasuka kwa tabaka zilizopinda zinazofuata umbo la mlima, kama maganda ya kitunguu. Ukisimama juu unaona jiwe moja zima. Ukishuka na kulitazama kwa ubavu unaona ganda la nusu mita limeshaachana na lenzake. Gesi ya baruti ikiingia kwenye mwanya huo, ganda lote linaondoka kwa pamoja.

Tiba: pima uso wa mwamba kwa kila shimo la safu ya mbele, katika vimo vitatu au vinne, kwa kifaa cha leza au kwa mti mrefu na timazi. Pale penye mwamba mwembamba usiweke baruti kwenye kimo hicho; jaza kokoto, kisha endelea na baruti juu yake kama unene unaruhusu. Shimo lililopinda vibaya liachwe na lichorongwe lingine. Najua mkandarasi atalalamikia gharama ya mita chache za uchorongaji, lakini hakuna kokoto wala mkeka utakaorudisha mwamba ambao haupo.

Wengine huacha kifusi cha mlipuko uliotangulia kikiegemea uso wa mwamba ili kuzuia mawe. Inasaidia mbele. Ujue tu kwamba mwamba uliozibiwa mbele hutafuta kutokea juu, na mtikisiko wa ardhi huongezeka, kwa hiyo kizibo na mfuniko vinatakiwa viwe imara zaidi siku hiyo.

Dalili: mchirizi wa moshi ulipanda wima juu ya mashimo, na mawe madogo yakatawanyika kila upande

Kizibo kimetemwa. Badala ya gesi kufungiwa chini ipasue mwamba, imetoka mdomoni mwa shimo kama kwenye mtutu, ikabomoa ukingo na kuuondoa nao. Mara nyingi utakuta mwamba wenyewe haukupasuka vizuri, mabonge makubwa yamebaki, na bado mawe yameruka. Watu hushangaa imekuwaje baruti iwe kidogo na kubwa kwa wakati mmoja. Haikuwa kubwa, imetumika vibaya.

Angalia kizibo kilikuwa cha nini. Vumbi la uchorongaji ndilo linalotumiwa na wengi kwa sababu liko palepale, bure, limezunguka mdomo wa shimo. Ni laini na linateleza, na likilowa linageuka uji. Kinachoshika ni kokoto zenye kona, zilizosagwa, ukubwa wake ukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha shimo: milimita 5 hadi 8 kwa shimo la milimita 51, milimita 8 hadi 10 kwa la milimita 76. Gesi ikizisukuma, kona zake zinakabana na kuuma kuta za shimo. Kokoto za mtoni, zilizoviringika, hazifanyi hivyo.

Kisha angalia urefu. Kizibo cha mara 25 ya kipenyo ni mwanzo mzuri karibu na makazi: mita 1.3 kwa milimita 51, mita 1.9 kwa milimita 76. Urefu huo unahesabiwa kwenye mwamba mzima. Kama nusu mita ya juu ni udongo au mwamba uliooza, hiyo nusu mita haihesabiwi kuwa kizibo. Hapa ndipo mashimo mafupi ya mitaro na misingi yanapowaponza watu. Shimo la mita 1.5 lenye kipenyo cha milimita 76 halina nafasi ya kizibo na baruti kwa pamoja. Ama utapunguza kizibo na kurusha mawe, ama utaweka baruti isiyofanya kitu. Kwa kina kifupi badilisha kipenyo, nenda milimita 38 au chini zaidi, toboa mashimo mengi yaliyokaribiana.

Mimina kokoto polepole zisije zikakwama katikati na kuacha uwazi chini yake. Kushindilia kufanywe kwa mti au bomba la plastiki, kamwe si kwa nondo, na kwa mkono mwepesi wenye kujali waya au mrija wa fataki.

Dalili: safu ya mbele ilikwenda sawa, mawe yametoka safu za nyuma, yakapanda juu na kuangukia nyuma

Mashimo ya nyuma yalipolipuka hayakuwa na pa kusukumia mwamba. Ama safu ya mbele haikuwa imeshasogea, ama haikusogea kabisa.

Anza na mpangilio wa kuchelewesha, yaani tofauti ya muda wa kulipuka kati ya shimo na shimo. Kati ya safu na safu hupangwa kwa kawaida milisekunde 10 hadi 30 kwa kila mita ya unene wa mwamba. Ukibana muda, safu ya nyuma inalipuka ikiwa imefungiwa. Fuata njia ya muunganisho kwa kidole kwenye mchoro, shimo kwa shimo, ukiandika muda wa kila moja. Kosa la kiunganishi kimoja cha milisekunde 17 kilichowekwa mahali pa 42 huonekana hapo, na halionekani ukitazama kwa juujuu.

Kama muda ulikuwa sawa, uliza maji. ANFO, baruti ya chembechembe za amonia naitreti na dizeli, haivumilii maji, huyeyuka, ikashindwa. Shimo la mbele lenye maji chini likijazwa ANFO, nusu ya chini inakufa, kitako cha mwamba kinabaki pale pale, na shimo la nyuma yake linajikuta limesimamishiwa ukuta. Ukiangalia jiwe lililoruka utadhani kosa liko safu ya nyuma, kumbe liko mbele yake. Pima maji kwa kila shimo asubuhi ya kulipua, hasa masika, na kwenye shimo lenye maji tumia baruti isiyoyeyuka.

Idadi ya safu nayo ina mpaka. Karibu na nyumba, safu mbili au tatu zinatosha. Msimamizi anayetaka kumaliza msingi wote kwa mlipuko mmoja ili kuokoa siku anaomba safu sita, na safu ya sita haina pengine pa kwenda ila angani.

Dalili: shimo moja tu limetema, mengine yote ni mazuri

Hii ndiyo dalili inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu fundi huwa anasema ni bahati mbaya. Shimo moja likitema peke yake, karibu kila mara kuna kitu kwenye mwamba ambacho mashine ya kuchoronga ilikigusa kwanza.

Ukanda wa Pwani, mwamba wa chokaa na matumbawe umejaa mianya na mapango madogo. Anayetaka kuona chokaa inavyoweza kuliwa na maji aende Mapango ya Amboni, Tanga. ANFO inamiminwa, inapotelea pembeni, na mjazaji anaendelea kumimina mpaka shimo lijae. Shimo lililopangiwa kilo 3 limekula 8, zote zimekusanyika mahali pamoja karibu na uwazi. Nairobi, lava ngumu ya fonolaiti inaweza kukaa juu ya tabaka laini la tufu (jivu la volkano lililoganda), na gesi ikikuta laini inakimbilia huko. Mwanza kuna mabonge ya granaiti yaliyozama kwenye mchanga uliotokana na granaiti hiyohiyo kuoza. Mchorongo unapita bonge gumu, unaingia mchanga, unaingia bonge lingine. Baruti ikilipuka kwenye ule mchanga inasukuma bonge la juu likiwa zima.

Kinga ni hesabu ndogo inayofanywa kwa mkono wakati wa kujaza. Shimo la milimita 51 linachukua kilo 1.7 hivi za ANFO kwa kila mita. La milimita 76 linachukua kilo 3.7. Mimina kiasi kinachojulikana, shusha futi yenye uzito mwishoni, soma baruti imepanda mpaka wapi. Kilo 1.7 zimeingia na baruti imepanda sentimita 40 tu? Simama. Usimimine hata kopo moja zaidi. Ziba eneo hilo kwa kokoto, panda juu ya sehemu mbovu, anza upya na kiasi kidogo, au liache shimo. Anayejaza apewe mamlaka ya kusimama bila kumuuliza mtu.

Dalili inayofanana na hiyo, ila inayogusa mlipuko mzima, ni pale kila shimo linapokuwa na nguvu kupita siku zote ingawa mpango haujabadilika. Uliza kama ghala limeleta baruti ya aina nyingine. Emalsheni, baruti ya ujiuji isiyoogopa maji, ni nzito kuliko ANFO, na shimo lilelile likijazwa urefu uleule linaweza kubeba uzito unaozidi kwa asilimia 40. Kubadili kipenyo kutoka milimita 76 kwenda 89 kwa sababu tu biti ya 76 imekwisha kunaongeza baruti kwa zaidi ya theluthi moja. Mpango wa kulipua uandikwe upya siku yoyote ambayo kimojawapo kimebadilika.

Dalili: mkeka umeruka, umetoboka, au mawe yamepita pembeni yake

Sasa ndiyo tuje kwenye mfuniko. Ukiwa umeshapita maswali yote ya juu na mashimo yako safi, angalia mkeka wenyewe.

Mkeka mzuri wa kulipulia hutengenezwa kwa tairi kuukuu zilizokatwa vipande na kufumwa kwa kamba za waya za chuma. Sifa zake ni mbili na zote zinatakiwa: uzito, kilo 100 na zaidi kwa kila mita ya mraba, na matundu ya kupitishia gesi. Unainuka kidogo, unaruhusu gesi ipite, unabaki na mawe, unashuka. Kitu kisichopitisha gesi hakikai chini. Mabati, mbao za fomu, milango ya chuma, magogo: vyote hivi nimeviona vikiwekwa juu ya mashimo kwa nia njema, na kila kimoja ni kombora jipya lenye ncha, linalokwenda mbali kuliko jiwe ambalo lilitakiwa kuzuiwa. Viondoeni hata kama mikeka haitoshi. Punguzeni idadi ya mashimo ilingane na mikeka mliyo nayo.

Mpangilio ninaouamini unaanza na mfuko wa mchanga juu ya kila mdomo wa shimo na juu ya kila kiunganishi cha fataki. Juu yake kitambaa cha jiotekstaili au wavu imara wa kukamata vipande vidogo. Kisha mikeka, ikipandana angalau nusu mita, ikifungwa mmoja kwa mwenzake kwa waya, na ikizidi mashimo ya pembeni kwa mita moja au mbili kila upande. Upande wa uso wa mwamba mkeka uning'inie chini ya ukingo. Wengi hufunika juu vizuri na kuacha mbele wazi, halafu wanashangaa dirisha la jirani wa mbele limevunjika. Mawe yakipita kwenye maungio, tatizo ni kupandana au kufunga. Yakipita katikati, geuza mkeka uone waya zilizokatika. Mkeka ukishatobolewa huwa na tundu ambalo halionekani kwa juu.

Udongo pia ni mfuniko mzuri, mita moja hivi, pale ambapo mtaro unaweza kufukiwa kabla ya kulipua. Sharti uchekechwe. Udongo wenye mawe ni kuongeza risasi.

Sheria ya usalama kazini ya Marekani inaagiza mlipuko wowote ulio karibu na majengo, reli au barabara ufunikwe kwa mkeka wenye uwezo wa kuzuia vipande visiruke. Neno la kushika hapo ni uwezo. Kuwepo kwa mkeka peke yake hakutimizi sharti.

Dalili: baada ya kuinua mikeka, baadhi ya mashimo hayakulipuka

Mkeka ulikata mawasiliano. Kijiko (mashine ya kuchimbia) kikiuburuta juu ya mashimo badala ya kuushusha wima, mrija au waya unachubuka, na hakuna anayeona kwa sababu umeshafunikwa. Wakati mwingine mlipuko wa kwanza ndio uliousogeza mkeka, ukavuta viunganishi vya mashimo yanayofuata.

Mkeka uinuliwe, uletwe juu, ushushwe palepale. Mtu mmoja tu, mlipuaji, ndiye amwelekeze dereva kwa mkono. Fataki za umeme na za kielektroniki zipimwe tena kwa kipimo chake maalumu baada ya kufunika. Mirija ya nonel, inayopeleka moto kwenye fataki bila umeme, haipimiki kwa chombo, hivyo ikaguliwe kwa macho kabla ya kufunika, na iunganishwe kwa njia mbili ili moja ikikatika moto ufike kwa nyingine. Tumia fataki zenye ucheleweshaji mkubwa ndani ya shimo na mdogo juu, ili mashimo mengi yawe yameshapokea moto kabla ardhi haijaanza kusogea.

Shimo lililogoma ni hatari ya siku ya pili pia. Mikeka iinuliwe moja moja, mlipuaji akitazama, na hakuna kuchimba wala kuchoronga jirani mpaka shimo hilo lishughulikiwe naye.

Dalili: mlipuko mkuu ulikuwa salama, jiwe limeruka wakati wa kuvunja mabonge

Bonge lililolala peke yake liko wazi pande zote, na likitobolewa na kulipuliwa, au likibandikwa baruti juu na kufunikwa tope, vipande vinaondoka kwa pande zote hizo. Gramu chache zinatosha kupeleka jiwe mbali kuliko mlipuko mzima wa asubuhi. Watu hulegeza ulinzi kwa sababu ni bonge moja tu na jioni imefika.

Karibu na nyumba sioni sababu ya kulipua mabonge. Breka ya haidroliki inayofungwa kwenye kijiko itayavunja. Pasipofikika kwa mashine kuna kabari za chuma, na kuna unga wa chokaa unaokorogwa na maji, ukamiminwa kwenye matundu, ukapasua jiwe kwa kuvimba bila mlipuko. Huo unga una tabia ya kuruka ghafla kutoka kwenye tundu saa za mwanzo, kwenye joto hasa, na unaharibu macho. Vaa miwani ya kinga na usichungulie tundu.

Kwenye milima ya Mwanza kuna mabonge mengine ya kuangalia: yale yaliyobebana juu ya mteremko, hayakuguswa na mtu. Mtikisiko unaweza kuyaamsha. Kabla ya kulipua, panda juu ukayakague, na ukiona lenye shaka lifungwe kwa waya, liegemezwe au liondolewe kwanza.

Dalili: jiwe halikwenda mbali, lakini limempata mtu

Hapa mashimo hayana kosa. Kwenye machimbo ya wazi ya Marekani, kumbukumbu za mwaka 1978 hadi 1998 zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya majeruhi wa baruti walitokana na mawe kuruka na kutolindwa kwa eneo la hatari.

Chora njia zote za kuingilia, na njia za panya ndizo za kuanza nazo: ngazi za mawe kati ya nyumba, kichochoro cha watoto wa shule, njia ya mkato ya bodaboda, kilima ambacho vijana hupanda kurekodi. Kila njia iwe na mlinzi mwenye bendera nyekundu na redio, asiyeondoka mpaka aambiwe kwa jina lake. Mlipuaji asiwashe mpaka kila mlinzi ajibu. Kimya cha mmoja ni amri ya kusitisha. Taarifa ipite siku moja kabla kupitia mwenyekiti wa mtaa na mabalozi, nyumba kwa nyumba, ikitaja saa, na mtu apite tena asubuhi kuwahamisha wazee, wagonjwa na mama lishe walio ndani ya duara. Ving'ora vifuate mpangilio mmoja usiobadilika. Wa Marekani unafaa: milio mirefu dakika 5 kabla, mifupi dakika 1 kabla, na mmoja mrefu wa salama baada ya ukaguzi.

Na watu waambiwe wasitoke wanaposikia kishindo. Jiwe lililopanda wima kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde hukaa angani sekunde 10 hivi. Kishindo kimeshapita, vumbi limeanza kutulia, mtu amechungulia mlangoni, na jiwe bado linashuka. Mlipuaji mwenyewe akae chini ya paa la chuma au nyuma ya mashine kubwa.

Kama chanzo hakijaonekana

Msirudie mpango uleule kwa matumaini. Mlipuko unaofuata uwe wa safu moja, mashimo machache ya kipenyo kidogo, kizibo kirefu kuliko cha kawaida, mikeka tabaka mbili, duara la watu limepanuliwa, na kamera pande mbili. Kama nao umerusha jiwe nje ya mkeka, weka baruti kando kwa sehemu hiyo ya mwamba na uite breka, hata kama kazi ya siku tatu itakuwa ya wiki mbili. Mkataba uandikwe tangu mwanzo ukiwa na bei ya kuvunja kwa mashine, ili siku hiyo ikifika msimamizi asilazimike kuchagua kati ya ratiba na paa la mtu.